Gitaa la kujitengenezea: kazi iko shingoni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wapiga gitaa wa Dar es Salaam ambao muziki si kazi yao ya mshahara: wa kwaya, wa bendi za mtaani, wa sebuleni. Mwenye hamu ya kujitengenezea gitaa la umeme kwa mbao zetu asikatishwe tamaa, maana jambo hilo linawezekana. Kinachoharibu kazi ni kuanzia pasipo penyewe. Mtu hutumia fedha na wiki nzima kwenye bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, akichagua umbo, rangi na mninga wenye mishipa ya kuvutia, halafu shingo anamwachia fundi wa vitanda aikadirie kwa jicho. Kinachopatikana ni chombo kinachopendeza ukutani, lakini ukikityuni huku kinapotea kule.

Fikirini mzigo wenyewe. Seti ya kawaida ya nyuzi sita, ile ambayo unene wake unaanzia namba 10 na kuishia 46, ikikazwa hadi kwenye sauti yake juu ya urefu wa uzi wa milimita 648, huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 46 hivi. Ni mfuko wa saruji kasoro kilo nne, usiku na mchana, kwenye kijiti chenye unene wa milimita 21. Ubao mbichi chini ya mzigo huo utapinda tu, hata uwe wa mti gani.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "hii ni mbao gani?" bali "imekauka?" Usitegemee jibu la mdomo. Chukua ubao uweke ndani ya nyumba, kivulini, umeegemezwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, na uupime kwa mzani kila wiki. Ukiona uzito unaendelea kushuka, bado. Ukikaa palepale kwa wiki nne mfululizo, umepatana na unyevu wa pwani na unaweza kukatwa. Anayekusudia kulipeleka gitaa Dodoma au Iringa ajue kwamba huko hewa ni kavu zaidi: ubao utasinyaa na ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokingama shingoni, zitachomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Si kosa la fundi, na tupa ndogo inalimaliza.

Kwa shingo, mkongo uliokauka vizuri unafaa sana, kwa sababu ni mgumu na hauchezi sana unyevu unapobadilika. Tazama kichwa cha ubao: mistari ya pete za mti iwe imesimama wima kuelekea upande wa nyuzi, isiwe imelala. Usipopata ubao wa namna hiyo, gundisha vipande vitatu vyembamba ukigeuza nyuzinyuzi za kile cha katikati, ili kimoja kikitaka kupinda vingine vikizuie. Mtiki nao unafaa, ila una mafuta. Uufute kwa asetoni dakika chache kabla ya gundi, la sivyo utabanduka.

Mpingo uwekeni pale unapostahili, kwenye ubao wa vidole, yaani kile kipande cha juu ya shingo chenye unene wa milimita 6. Hapo hauna mpinzani. Ndiyo maana kwa miaka mingi umetengenezewa klarineti na obo huko Ulaya. Bodi nzima ya mpingo ni mzigo wa bure: ingepita kilo nne kabla hujafunga skrubu ya kwanza, wakati ya mninga hukaa kwenye kilo mbili na nusu hivi. Jihadharini pia na mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi. Mpingo halisi huzama majini, na ukiukwaruza kwa kisu ndani ni mweusi au kahawia iliyokolea vilevile. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima. Nunueni kwa risiti kutoka kwa muuzaji mwenye vibali, kwani ni mti unaolindwa: tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ingawa ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti mwaka 2019.

Ndani ya shingo lazima iwepo nondo ya kurekebishia mpindo wake. Ya kisasa, inayosukuma pande zote mbili, huagizwa nje na hukaa kwenye mfereji ulionyooka wenye upana wa milimita 6. Anayetaka ya hapahapa ampelekee fundi wa Gerezani chuma cha mviringo cha milimita 5, akate hesi ncha zote mbili. Hiyo hufanya kazi upande mmoja tu, na mfereji wake uwe umeinama, katikati ukiwa chini zaidi kwa milimita 3 hivi. Ukiunyoosha, utakaza nati hadi chuma kikatike na shingo haitasogea. Unapogundisha ubao wa vidole, funika mfereji kwa ukanda mwembamba wa selotepu ili gundi isiishike nondo. Na gundi iwe epoksi, hasa kwa mpingo. Gundi nyeupe ya maji huulowesha ubao mwembamba upande mmoja, nao hubenuka.

Sasa freti, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, maana gitaa zima liko hapa. Nafasi zake hazikadiriwi wala hazinakiliwi kwa penseli kutoka gitaa la jirani. Gawanya urefu wa uzi kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza kutoka kwenye kidaraja cha juu, kile kipande kinachobeba nyuzi karibu na kichwa cha gitaa. Toa jibu hilo kwenye urefu, gawanya tena kinachobaki, na uendelee hivyo. Kwa milimita 648, freti ya kwanza iko kwenye 36.37, ya pili 70.70, ya tano 162.55, ya saba 215.51, ya 12 katikati kabisa, 324, na ya 22 iko 466.16. Piga hesabu zote kwanza, kisha pima kila freti kuanzia kidaraja cha juu kwa rula moja ya chuma isiyosogezwa. Anayepima kutoka freti hadi freti hubeba kosa la kila hatua: robo ya milimita tu mara 22 inakuwa milimita tano na nusu, na hakuna pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya bei yoyote inayoweza kuliponya gitaa hilo.

Mfereji wa freti uwe na upana wa milimita 0.6. Msumeno wa chuma wa kawaida hukata mpana zaidi kwa sababu meno yake yamepanuliwa kushoto na kulia. Freti itaingia kwa kidole na kutoka kwa kidole. Laza bapa la msumeno wa meno madogo juu ya jiwe la kunolea, usugue pande zote mbili polepole, ukijaribu kwenye kipande cha taka hadi freti iingie kwa nyundo ya plastiki na isitoke. Kina kisizidi milimita 3. Zikishaingia zote, zipake wino wa makapeni juu, zisugue kwa tupa ndefu iliyonyooka hadi wino uguswe kila mahali, kisha zirudishie mviringo. Freti moja iliyochomoza unaisikia mara moja: uzi unatetemeka kama nzi aliyenaswa kwenye karatasi.

Kidaraja cha juu kichongeni kwa mfupa wa paja la ng'ombe. Buchani upo tele. Uchemshwe kidogo, ulowekwe kwenye maji ya sabuni hadi mafuta yatoke, ukaushwe kivulini.

Bodi ina mambo machache. Unene milimita 45, shimo la kukalia shingo kina cha milimita 16, shimo la pikapu 19. Rauta, ile mashine ya kuchimbia mbao, ishuke milimita 3 kwa kila mzunguko, kwani ukitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja, mninga unameguka ukingoni. Kabla ya kutoboa matundu ya daraja, funga shingo, vuta nyuzi mbili za kushonea kutoka kingo za shingo hadi kwenye daraja, na uone kama zinaiacha nafasi sawa pande zote. Rangi ya kupuliza isipigwe wakati wa masika asubuhi. Unyevu unaingia ndani yake na kuacha ukungu mweupe.

Umeme wake ni rahisi kuliko watu wanavyouogopa. Pikapu ya koili moja huendana na kitufe cha voliyumu cha kilo-ohm 250, ile ya koili mbili na 500. Sugua mgongo wa voliyumu kwa msasa kabla ya kulehemu, na tumia pasi ya wati 40 au zaidi. Ya wati 25 huchelewa kupasha na joto linaharibu ndani. Waya wa ardhi lazima ufike kwenye daraja la chuma, vinginevyo gitaa litavuma hata ukiwa umeweka mkono kwenye nyuzi. Lakini hilo lina upande wa hatari: nyuzi sasa zimeungana na amplifaya. Soketi isiyo na ethi pamoja na amplifaya mbovu vinaweza kukupiga shoti mdomo ukigusa maiki. Fundi umeme aikague soketi kwanza.

Baada ya kuvalisha nyuzi subiri siku mbili, shingo izoee mzigo. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, pima mwanya juu ya ile ya saba kwa fila geji ya fundi magari: milimita 0.2 inatosha. Kaza nondo robo mzunguko tu kwa mara moja.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi stadi na karakana zenye mashine za kuranda: watengeeni hawa Jumamosi moja kwa mwezi. Shingo moja inataka kipande cha sentimita 72 kwa 9, unene 3. Kwenye marundo ya mabaki ya maseremala wa Keko vipande vya mkongo vya kiasi hicho vinachomwa kuni.

Mpenzi wa gitaa,
Sinza, Dar es Salaam