Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Singida: tupimie njia ya kukimbia kando ya Singidani na Kindai

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Njia ya wakimbiaji na waenda kwa miguu kando ya maziwa Singidani na Kindai

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeamua kuandika hadharani badala ya kupeleka barua masjala, kwa sababu nataka waisome pia wale ninaopishana nao alfajiri wakihema: walimu, askari, wanafunzi wa vyuo, na akina mama wa sokoni ambao daktari amewaambia watembee kwa ajili ya presha na sukari.

Ombi langu ni hili. Kabla kando za maziwa yetu hazijamalizwa na viwanja, Manispaa ipime, iwekee alama na kuipitisha rasmi njia ya udongo ya kukimbia na kutembea, ndani ya mita 60 ambazo sheria imeshazizuia zisijengwe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kiko wazi: shughuli za kudumu za binadamu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bwawa au bahari. Ardhi ipo, na si ya mtu binafsi.

Ila wewe na mimi tunajua ardhi isiyo na matumizi yanayoonekana inavyokwenda. Kwanza inalimwa bustani ya mchicha. Msimu unaofuata panapandwa minyaa kuzunguka bustani. Baadaye linashushwa lori la mawe pembeni, na mawe yakikaa mwaka mzima bila mtu kuuliza, msingi unachimbwa. Mwisho anatafutwa ofisa wa kuja kuweka alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa mtu aliyekwishahamia na familia yake, na hapo hakuna anayeshinda. Njia inayokanyagwa kila asubuhi na watu wengi inazuia mambo hayo yasianze. Wakimbiaji wataiona minyaa ikiwa bado mipandikizi, na watasema.

Watu wengi wakisikia habari ya kukimbia kando ya maji mawazo yao yanakwenda pwani: Dar es Salaam, Bagamoyo, Pangani. Kweli pwani ni pazuri, lakini mkimbiaji wa pwani ana bwana wake, naye ni bahari. Maji yakijaa anapandishwa kwenye mchanga mlaini unaomeza mguu, na anasubiri yapwe ndipo apate ule mchanga mgumu ulioloa. Sisi hapa maji hayapwi wala hayajai kwa saa. Tuna mji uliokaa na maziwa mawili ya chumvi pembeni yake, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi na asubuhi zenye ubaridi hata mwezi wa kumi. Hiyo hewa nyepesi ndiyo wanariadha wa nchi nyingine wanayopanda ndege kuifuata.

Na mandhari yenyewe! Upande wa Singidani unakimbia katikati ya mawe makubwa ya matale, mengine yamebebana kiasi kwamba unajiuliza yanakaaje bila kuanguka. Chini ya miguu ni changarawe iliyomomonyoka kutoka kwenye mawe yale yale: punje ngumu, kubwa, zinazolia chini ya raba, zisizotunza maji hata mvua ikinyesha usiku kucha. Ukiteremka karibu na maji udongo unabadilika, unakuwa mweusi wa mbuga, na masika huo unanata kwenye soli mpaka kila kiatu kinakuwa na uzito wa viwili. Kiangazi ukingo unabaki na ukoko mweupe wa chumvi. Mtu anayekimbia hapo anajua kabisa wapi njia inafaa ipite na wapi haifai, na ndiyo maana naomba mpima atakapokwenda asiende peke yake.

Kuna pia upepo wetu. Singida haihitaji kuelezwa upepo ni nini; wawekezaji wa umeme wa upepo wameufuata huku. Mkimbiaji wa hapa anaanza mazoezi kwa kuukabili na kurudi nao mgongoni, maana akipanga kinyume, kilomita za mwisho atazilipia. Njia inayozunguka ziwa inakupa yote mawili katika mzunguko mmoja: upande huu unasukumwa, upande ule unapigwa usoni huku mawimbi madogo yakigonga mawe.

Sasa angalia tunakimbilia wapi leo. Tunakimbia pembeni mwa barabara kuu. Jua la huku linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na mtumishi wa serikali anatakiwa awe ofisini saa moja na nusu. Maana yake anayetaka kukimbia, kuoga na kunywa chai inabidi awe barabarani gizani, pamoja na malori yanayopeleka mizigo Rwanda, Burundi na Kongo. Taa za lori zikikupiga usoni huoni ukingo wa lami ulipokatika, na mguu ukitua pale kifundo kinateguka. Wanawake wana zaidi ya hayo. Dada mmoja ninayekimbia naye aliacha kabisa mazoezi ya alfajiri kwa sababu ya maneno ya vijana wa vijiweni na pikipiki zinazomfuata taratibu nyuma. Sasa anaruka kamba ndani ya ua wa nyumba ya kupanga. Ana kasi kuliko wanaume wengi wa kundi letu, na inaniuma kila nikimkumbuka.

Ndugu Mkurugenzi, mkoa huu hauombi kufundishwa kukimbia. Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo. Waliachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Kabla yake kanda hii ya kati ilimtoa Juma Ikangaa, aliyekuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, muda uliokaa kama rekodi ya mbio zile mpaka 2001. Watoto wetu wanayajua majina haya. Wanachokosa ni mahali. Kijana wa sekondari mwenye kipaji anaambiwa aende Arusha au Mbulu kutafuta kambi, wakati nyumbani kwao kuna mwinuko, kuna udongo, kuna ziwa la kuzunguka.

Nimesema udongo, na hapo naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu najua mradi ukipata fedha jambo la kwanza linalofikiriwa ni lami au pevingi. Msiweke. Lami inachosha magoti na nyonga, na wakimbiaji wetu wakubwa wote wamekulia kwenye njia za vumbi. Halafu sakafu ngumu ndani ya zile mita 60 itakuwa yenyewe ndiyo ujenzi tunaoukataa. Greda lipite mahali palipo na mashimo, pale kwenye udongo wa mbuga imwagwe changarawe inayopatikana hapa hapa, yachimbwe makinga maji ili mvua isikate njia, basi. Upana wa watu watatu kupishana unatosha. Ziwekwe nguzo fupi za mawe kila kilomita, zenye namba iliyopakwa rangi, na magogo au mawe kwenye viingilio ili pikipiki zisipite. Ipandwe migunga na mikwaju upande wa nchi kavu, siyo upande wa maji.

Nasema siyo upande wa maji kwa sababu ya ndege. Maziwa yetu yamo katika orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu kwa ndege, na heroe wanaokuja hapa ni wale wanaozaliana Ziwa Natron na kuhamahama katika maziwa ya magadi wakifuata chakula. Heroe akishtuliwa anaruka, na kila akiruka anapoteza muda wa kula. Kwa hiyo njia isilifuate ukingo kila mahali. Pale wanapopenda kukaa, kwenye maji ya kina kifupi, ipande juu nyuma ya mawe, ipite mbali, kisha irudi. Mkimbiaji hatapoteza kitu. Akiwa juu pale atawaona wengi zaidi. Taa zisiwekwe kandokando ya maji, ziwe kwenye viingilio tu, pamoja na choo na bomba la maji. Wavuvi na wafugaji waachiwe mapito yao ya kwenda ziwani, na waitwe kwenye kikao tangu mwanzo, wasiletewe taarifa mambo yakishaisha.

Kuhusu fedha sina maneno mengi. Kazi ya kusafisha njia, kupanda miti na kupanga mawe ni ya aina ile ile inayofanywa na kaya za walengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa ajira za muda. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kuwafikia vikundi vitakavyouza uji, maji na matunda kwenye viingilio, nje ya mita 60. Na siku ya kuanzia ipo: Jumamosi ya pili ya kila mwezi iliagizwa kuwa siku ya mazoezi tangu Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais. Badala ya mchakamchaka wa kuzunguka mjini tukisimamisha bajaji, watumishi wa Manispaa na wananchi tuukimbize ziwani.

Ningeanza na Kindai kwanza. Iko jirani na makazi, watu wanaoishi karibu ni wengi, na presha ya viwanja pale ni kubwa zaidi. Singidani ifuate mwaka wa fedha unaokuja.

Naomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya baraza la madiwani lijalo, na kabla ya hapo mpima na ofisa mazingira wateuliwe kutembelea kingo zote mbili. Sisi wakimbiaji tuko tayari kutembea nao Jumamosi yoyote watakayopanga, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Tutakuja na panga, kamba na maji ya kunywa ya kuwatosha wote.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkimbiaji na mkazi wa Singida mjini

Nakala: Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani wa kata zinazopakana na maziwa