Barua ya wazi kwa wanangu wa kazi ya mafuta: bei ya pipa ikishuka, nani analipa mkopo wako?

Wanangu,

Salamu kwenu nyote: nyinyi wa Changamwe na Mikindani, wa Magongo, Chaani na Miritini; mnaoendesha malori ya mafuta, mnaochomelea mabomba, mnaokesha Kipevu meli inaposhusha, na nyinyi mliovuka bahari kwenda kutafuta riziki Ghuba.

Kilichonikalisha niandike ni slipu moja ya mshahara. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, ambaye hajawahi kufanya kazi ya mafuta hata siku moja. Aliileta kwenye kikao cha familia, akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa makato: shilingi 11,400 kila mwezi. Mkopo si wake. Ni wa mtoto wa dada yake, aliyerudi likizo kutoka Ghuba, akajiunga na SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, akakopa kununua gari. Mama yake mdogo na majirani wawili wakamwekea sahihi ya udhamini. Bei ya mafuta ikashuka, mkandarasi aliyemwajiri akasimamishiwa mradi, mkataba haukuongezwa. Gari limekaa uani chini ya turubai, gurudumu la nyuma limekwisha pumzi, na mwalimu anakatwa. Kijana hakufika kikaoni.

Nilipompigia simu aliniambia, "Mzee, nani angejua bei itaanguka?"

Hilo ndilo lililonitia hasira. Angejua mtu yeyote aliyeishi mji huu. Mimi nimefanya kazi kwenye matangi ya Shimanzi hadi nikastaafu, na bei imeanguka machoni pangu si mara moja. Mwaka 1986 ilifika karibu dola 10 kwa pipa. Mwaka 1998 ikarudi huko huko. Julai 2008 ikapanda hadi dola 147, na kabla mwaka haujaisha ikawa chini ya 40. Juni 2014 pipa la Brent, mafuta yanayopimiwa bei ya dunia, lilikuwa dola 115. Novemba nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, zikakutana zikakataa kupunguza uzalishaji. Kufika Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Tarehe 20 Aprili 2020, wakati wa korona, mafuta ya Marekani yaliuzwa dola 37 chini ya sufuri, yaani mwenye mzigo alimlipa mtu amwondolee. Katikati ya Januari 2025 pipa lilipita dola 80, na kufika Aprili na Mei likawa limeshuka hadi kati ya 60 na 65 hivi, baada ya OPEC na washirika wao kuanza kurudisha mafuta sokoni. Mwaka huo huo Chevron ilitangaza itapunguza hadi asilimia 20 ya wafanyakazi wake, na BP ikatangaza kuondoa nafasi 4,700. Hao ni wenye visima. Wewe uliyeajiriwa na mkandarasi wa mkandarasi, kwa mkataba wa miaka miwili, ulidhani utaguswa wa mwisho?

Bei ya mafuta inajaa na kupwa kama maji ya Kilindini, ila maji yana kalenda.

Waelezeni vizuri wake zenu na wazazi wenu jinsi mambo yanavyokwenda, maana wengi wanadhani kisima kikiwa kinatoa mafuta basi kazi ipo. Bei ikianguka, kisima kinachotoa kwa kawaida hakifungwi, kwa sababu kukifunga ni hasara. Kinachosimama ni kuchimba vipya. Mtambo wa kuchimba ukiondolewa, wanaondoka nao wachomeleaji, madereva, wapishi wa kambi na walinzi. Baadaye inafuata serikali ya nchi ile yenyewe, kwa kuwa bajeti yake imesimama juu ya pipa. Mwaka 2016 Saudia ilichelewa kuwalipa wakandarasi wa majengo, na maelfu ya wafanyakazi wageni wakakaa kambini miezi bila mshahara. Hao hata mafuta hawakuyagusa. Julai 2020 kodi ya ongezeko la thamani huko ikapandishwa kwa mkupuo kutoka asilimia 5 hadi 15. Kwa hiyo hata dada yako anayefanya kazi ya nyumbani Riyadh yumo ndani ya bei hiyo.

Nanyi wa Kipevu na Shimanzi msijione mko salama, ingawa hatari yenu ni nyingine. Kenya inanunua, haichimbi kuuza. Bei ikishuka watu hawapunguzi kuweka mafuta kwenye magari. Lakini kampuni iliyonunua shehena ghali na kuiuza wakati bei imeanguka inakula hasara, na hasara hiyo mara nyingi huanza kufidiwa kwa vibarua. Tena kazi inaweza kufa hata bei ikiwa juu. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta Changamwe, kilichoanza kazi 1963, kilisimama Septemba 2013, pipa likiwa juu ya dola 100. Kiliuawa na mitambo ya zamani, iliyotoa mafuta ghali kuliko yaliyokuja yakiwa yamesafishwa ng'ambo. Leo matangi yake ni ghala. Mafundi waliokuwa wakijua kila valvu pale wengine waliishia kufungua maduka ya vipuri Magongo.

Sasa nirudi kwenye udhamini, maana hapa ndipo pananiuma.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi mmegeuza: harusi mnakula nyinyi, matanga mnawaachia wengine. Kijana akipata kazi ya mafuta, mtaa mzima unamwona amefika. Mama anaacha kuuza viazi karai. Ndugu wanaleta karo. Mwenye duka anafungua daftari. Benki nayo inamwita kwa jina, inamtolea mkopo wa miaka minne au mitano juu ya mkataba wa miaka miwili, na afisa aliyemwandikia fomu anajua hesabu hiyo haikai. Hili nalisema kwa wenye vyama vya akiba na benki za mji huu bila kupepesa: mnakopesha mkataba, hamkopeshi mtu, na mkataba ukikatika mnakimbilia slipu ya mwalimu.

Mdhamini si shahidi. Anayetia sahihi pale amesema, mwenzangu asipolipa nitalipa mimi. Mama yule aliambiwa ni "sahihi tu ya kukamilisha fomu". Nani alimwambia hivyo? Kijana wetu, aliyesoma, anayejua kusoma mchoro wa bomba la inchi kumi na mbili. Akamwambia mama yake mdogo uongo mezani pake, akiwa amekula chakula chake. Sheria ya ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mwalimu anaomba Mungu theluthi hiyo iliyobaki imfikishe mwisho wa mwezi, na ana watoto shuleni. Nilipoiona ile slipu niliona haya kwa niaba yenu nyote.

Basi nasema hivi, na atakayekasirika akasirike. Mkopo wako usiwe mrefu kuliko mkataba wako. Ukibaki na miezi kumi kazini, kopa wa miezi minane. Kama gari halinunuliki kwa hesabu hiyo, panda matatu. Usimwombe udhamini mtu ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko wako. Mweleze mdhamini siku ile ile kwamba kazi yako inaweza kukatika na nani atalipa ikikatika. Na ikikatika, usizime simu. Nenda SACCO wewe mwenyewe kabla malipo ya kwanza hayajapita, uombe muda urefushwe. Deni linalozungumzwa mapema hupangwa upya, la aliyejificha huangukia wadhamini. Gari uza mapema. Kila mwezi linapokaa uani linapoteza thamani na watu wanakatwa.

Kuna wengine mmenikasirisha kwa jambo jingine: kutia sahihi karatasi ya kuachishwa kazi bila kuisoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwako wewe usipokuwa mwanachama, na kwa afisa wa kazi pia. Alipe siku za likizo ulizobakiza. Alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Nimemwona dereva wa miaka tisa akiondoka na mshahara wa mwezi mmoja na bahasha ya asante, kwa sababu aliambiwa atie sahihi haraka, gari la kuwarudisha linasubiri. Acha gari liende. Karatasi hiyo ipeleke kwa chama au ofisi ya kazi kwanza. Mkataba unaoisha kwa tarehe yake ni jambo lingine, hapo fidia hiyo haipo, ndiyo maana nawaambia msome tarehe siku ya kuanza. Na dai la mahakamani lina miaka 3, halingoji.

Mengine kwa ufupi. Fanyeni mitihani ya ufundi mpate vyeti vya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa maana mkono usio na cheti hauonekani kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria wala bandarini. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hakikisheni inafika, msingoje kustaafu ndipo mwulize. Nakala za mikataba ya Ghuba ziachwe nyumbani kwa mtu mzima. Wekeni akiba kwa jina lenu, si kwenye kiwanja cha maneno alichowaonyesha mtu huko Mtwapa bila hati.

Na nyinyi mliokwisha kuachishwa, nisikieni kwa upole. Najua aibu ya kurudi mtaani mikono mitupu wakati uliondoka kwa shangwe. Kupoteza kazi kwa sababu pipa limeanguka si kosa lako. Usihamie Nairobi kujificha, usiingie kwenye pombe wala unga. Njoo barazani, tukae, tupange. Kuna fundi hapa Mikindani aliyerudi kutoka Oman akaanza kuchomelea mageti. Leo ana vijana wawili chini yake.

Lakini siwezi kuwagombeza nyinyi peke yenu na kuwaacha wakubwa. Nyinyi mmekula mshahara ambao haujatulia. Taifa nalo limefanya vivyo hivyo, tena kwa makusudi. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, inatangaza bei, na kila pipa likishuka watu wa mji huu huuliza kwa nini pampu haishuki sawasawa. Jibu liko kwenye tozo. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilianza kwa asilimia 8 Septemba 2018, Julai 2023 ikawa 16. Tozo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Na katikati ya korona, Julai 2020, bei ya dunia ikiwa chini, tozo ya maendeleo ya petroli ilitoka senti 40 hadi shilingi 5.40. Tuliambiwa ni akiba ya kutuliza bei siku itakapopanda. Kuweka akiba wakati wa unafuu ni busara, hilo nalikubali kabisa. Lakini mwenye tuk-tuk wa Likoni anayelipa tozo hiyo ana haki ya kuonyeshwa daftari lake kila mwaka, limeingiza nini na limetoa nini.

Halafu Turkana. Mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 mwezi Machi 2012, pipa likiwa juu ya dola 100, na vijana wa Pwani wakaahidiwa kazi. Malori ya kwanza yalianza safari ya Changamwe Juni 2018. Agosti 2019 meli ikaondoka hapa na mapipa kama 240,000 ya majaribio. Mwaka 2020 bei ikaanguka, mradi ukasimama. Total na Africa Oil, washirika wa mradi, walijiondoa 2023, na Tullow iliyouendesha ikauuza kwa Gulf Energy 2025. Sheria ya Petroli ya 2019 imeshagawa fungu la serikali katika mapato: asilimia 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya pale. Norway ilipitisha sheria ya mfuko wake wa akiba ya mafuta 1990 na kuweka fedha za kwanza 1996, ikiamini mafuta yana mwisho. Nigeria, yenye mafuta mengi mno kuliko sisi, iliingia kwenye mdororo wa uchumi 2016 kwa sababu ya pipa hilo hilo.

Atakayekuja kuomba kura Changamwe na Jomvu, kabla hajapewa kiti na soda, mwulizeni mambo mawili. Fedha za mafuta ya Turkana zikianza kuingia, ni sehemu gani itawekwa mahali ambapo waziri hawezi kuigusa mwaka wa uchaguzi? Na mradi ukisimama tena kwa sababu ya bei, dereva na mchomeleaji wa hapa atalipwa na nani, kwa kifungu gani cha mkataba? Atakayewajibu kwamba atalifuatilia, mwambieni arudi akiwa na jibu lililoandikwa.

Mzee wenu,
Mikindani, Mombasa