Lenzi za Machu Picchu: kikao Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Tunakutana Jumamosi hii saa nne asubuhi, Dunga ufuoni, kuchagua lenzi za safari yetu ya Machu Picchu, magofu ya Wainka huko Peru.

1. Njoo na kamera na lenzi ulizo nazo. Tafadhali msinunue chochote kwanza, tutaazimana.
2. Shilingi 300 za chai na samaki zimfikie mweka hazina Ijumaa.

Kwangu mimi lenzi mbili zinatosha: milimita 16–35 ipate magofu yote na kilele cha Huayna Picchu nyuma yake, na 70–200 ya kuvuta karibu yale mawe ya kuta yaliyobanana bila saruji. Cusco, mji ulio njiani kwenda huko, iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mzigo utauhisi begani. Stendi za miguu mitatu ziacheni nyumbani, magofuni haziruhusiwi.

Unakuja? Andika "Nipo" hapa kabla ya Alhamisi usiku, niagize samaki wa kutosha.