Kumtakia heri mtu anayekuudhi siyo ushetani

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Huku kwetu Mbeya ukitaja tu meditesheni watu wanashtuka, mara ooh dini ya Wahindi, mara unaita mapepo, kuna dada kwenye kikoba chetu alijaribu kutueleza ile meditesheni ya kukaa kimya na kuwatakia watu heri moyoni, akakatishwa hapohapo, kikao kikahamia kwenye marejesho. Mimi nilimfuata baadaye anielekeze, na nasema wazi imenisaidia sana.

Ni kweli asili yake ni kwa Wabudha, wala sifichi. Ila hakuna sanamu na hakuna anayekwambia uache kanisa au msikiti. Unakaa kimya, unapumua taratibu, unasema moyoni niwe salama, niwe na afya, niwe na amani, maisha yangu yawe mepesi. Halafu unamtakia hivyohivyo mtu anayekupenda, kisha mtu usiyemjua vizuri, mwisho yule anayekuchefua. Sisi Wakristo Yesu mwenyewe alishatuambia tuwaombee wanaotuudhi, sasa kosa liko wapi?

Mimi nauza mchele Mwanjelwa. Mwezi wa saba, na baridi ya huku mnaijua, kabla sijafunua turubai nakaa juu ya kiroba nyuma ya meza, koti hadi shingoni, kila nikipumua mvuke unatoka mdomoni. Mama yangu kule Tukuyu namtakia heri bila shida, kijana wa mkokoteni ambaye hata jina simjui naye rahisi tu. Kazi inaanza kwa jirani yangu wa biashara anayewaambia wateja eti mchele wangu siyo wa Kyela. Hapo kifua kinabana, taya zinakaza, maneno yanagoma kabisa. Basi silazimishi, narudi kwangu kwanza, niwe na amani, niwe na amani, mpaka mabega yashuke ndio namjaribu tena. Urafiki hatuna, na akisema uongo bado namkatalia mbele ya mteja, ila siku hizi sirudi naye nyumbani kichwani, usiku nalala na watoto hawafokewi kwa mambo ya sokoni.

Wasomi nao wamelipima. Profesa Barbara Fredrickson wa Marekani na wenzake walitoa utafiti mwaka 2008, waliwachukua watu wa kawaida wenye ajira zao wakafundishwa huku kutakia heri, na furaha yao ya kila siku ikaongezeka, lakini polepole, wiki hadi wiki. Kwa hiyo anayeanza Jumatatu akaacha Jumatano akasema ni uongo huyo hajajaribu bado.

Nawafikiria sana vijana wa bajaji pale Kabwe wanaotukanwa kutwa nzima, na manesi wa zamu ya usiku. Haihitaji hela wala bando. Ila mwenye dawa za presha aendelee kumeza, na mtu asiyekula, asiyelala, anayewaza kujiua apelekwe hospitali haraka, jamani huyo msimkalishe chini mkamwambia apumue.

Ombi langu Mhariri, ukurasa wenu wa afya uwatafute wataalamu wa saikolojia watuandikie hatua kwa hatua kwa Kiswahili chepesi, maana maelezo mengi yaliyopo ni ya Kiingereza na mama zetu huku sokoni hayawafikii.

Muuza mchele,
Mwanjelwa, Mbeya