Mnatufundisha jukwaa, mwaloni hamtupeleki

Mhariri, salamu kwako na wasomaji wako. Mimi ni kijana wa Nyakato hapa Mwanza, kazi yangu kutengeneza programu za simu, na nikiri mapema kwamba mimi mtu wa kimya, ukinipigia naiangalia simu mpaka ikate ndo nakutumia meseji. Kwenye hii fani wengi tuko hivyo, nadhani ndo maana tuliipenda kompyuta, haikuulizi umeamkaje.

Mwaka jana nilijifungia ndani miezi minne natengeneza apu ya wauza dagaa ya kurekodi stoo, gunia ngapi zimeingia ngapi zimetoka, grafu na rangi zake, sijamuuliza hata mtu mmoja. Nilivyoipeleka mwaloni Kirumba, soko la dagaa pale ziwani, kila mama niliyemwonesha alisema "nzuri sana mwanangu, hongera", nikarudi nacheka mwenyewe kwenye daladala. Hakuna aliyeitumia hata wiki.

Kumbe ukimuuliza mtu "utaitumia?" lazima akubali, nani atamvunja moyo mtoto wa mwenzie? Muulize kilichotokea. Siku nyingine nilimwamkia mama mmoja, nikanunua sado ya dagaa, nikamuuliza mzigo wake wa mwisho aliuuzaje, halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndo kitu nachokiweza mimi. Akaongea weee, mwisho akatoa daftari limechakaa lina majina ya watu aliowapa mali kauli na hawajarudi mpaka leo. Stoo yake anaijua kwa macho, magunia si yako pale pale! Kinachomnyima usingizi ni madeni, na simu yenyewe ni kitochi, sasa apu yangu angeifungulia wapi.

Na muangalie muda jamani. Zile siku za giza ambazo mitumbwi inavua dagaa usiku, asubuhi watu wanaanika na kupima, hawana nafasi na wewe. Nenda kwenye mbalamwezi uvuvi ukiwa umepoa, utawakuta kivulini wanapiga stori. Ongea na mmoja mmoja, ukikusanya kundi ataongea mwenye sauti peke yake. Mimi watu wawili kwa siku wananitosha, nikirudi nalala kama nimebeba magunia.

Ombi langu ni kwa wanaoandaa mafunzo ya vijana wa teknolojia hapa mjini, mnatuzoesha kushika maiki mbele ya majaji na wengine tunatetemeka mpaka tunasahau majina yetu, wakati majaji wenyewe hawauzi dagaa. Tupelekeni mwaloni nusu siku tu, kila mtu na daftari lake, aulize mtu mmoja.

Sasa hivi nataka kutengeneza kitu cha kukumbusha madeni kwa meseji za kawaida. Sijaandika hata mstari ila nimeshaongea na akina mama saba, wawili wamekataa kabisa, wanasema mdeni akikumbushwa na mashine atanuna ahamie kwa muuzaji mwingine. Hapo bado naumiza kichwa.

Mtengeneza programu,
Nyakato, Mwanza