Bango Mara Mbili, Bei Mara Nne: Hatujakuibia

Hapa kwetu kwenye uchapaji malalamiko haya hayaishi: “Nimesema mnikuzie mara mbili tu, mbona bei imepanda mara nne?” Juzi mteja ameondoka amenuna, akiamini tumemlia hela yake.

Bango la sm 50 kwa 70 ukilikuza mara mbili linakuwa sm 100 kwa 140. Pande zote mbili zimezidishwa kwa 2, kwa hiyo eneo limetoka sm za mraba 3,500 hadi 14,000. Mabango manne ya zamani ndiyo yanalijaza hilo moja, na turubai na wino vinakwenda kwa eneo. Kama ulitaka eneo ndilo liwe mara mbili, sema mapema, tutakuza kila upande kwa 1.41, maana 1.41 mara 1.41 ni karibu 2. Ndiyo ile asilimia 141 ya mashine ya fotokopi, A4 kwenda A3. Ukibonyeza 200 umeomba A2, yaani A4 nne.

Namba ya kukuzia haina uchawi: gawanya kipimo unachotaka kwa kipimo ulichonacho, upande uleule, kizio kilekile. (Wapo wanaoleta upana kwa inchi na kimo kwa sentimita, halafu wanashangaa.) Nembo ya upana wa sm 8 ikitakiwa kufika sm 120 inakuzwa mara 15. Kimo chake cha sm 5 nacho kinazidishwa kwa 15, kinafika 75. Hakifiki 90 eti kwa sababu ubao bado una nafasi.

Kinachowaponza wengi ni kuivuta picha wenyewe kwenye simu ili “ienee”. Kuna bwana harusi aliileta ya sm 10 kwa 15, ameshaivuta ijae fremu ya mraba ya sm 40. Upana ulikuzwa mara 4, kimo mara 2.67 tu. Maharusi wote wawili wakanenepa mara moja na nusu! Akalipia uchapaji mara mbili. Kwa fremu ile njia ni mbili: kukuza kwa 2.67 ukubali nyeupe pembeni, au kwa 4 tukate sm 20 za kimo. Sisi huwa tunakuuliza kwanza, ndiyo maana hatumalizi kazi papo kwa papo.

Na nembo ya upana wa pikseli 945, yaani vitone 945 vya picha, safi kabisa kwa sm 8, kwenye sm 120 inabaki na vitone 20 kwa inchi. Herufi zinakuwa ngazi. Hiyo huwa tunaichora upya kwa vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kuharibika, tunaitoza peke yake, na bei yake haipungui.