Kabla hujanunua plagi za "plasma"

Wateja wetu kadhaa wameleta gereji plagi zilizoandikwa "plasma" kwenye boksi, wakitaka tuwafungie ili gari ipunguze kula mafuta. Tunawaomba msome hapa kwanza, maana pesa ni yenu.

Cheche ya plagi yoyote, hata ile ya bei ya chini, ni plasma tayari, yaani gesi moto inayopitisha umeme. Umeme wa maelfu ya volti unaruka kati ya ncha mbili na kuchemsha gesi hadi maelfu ya nyuzi joto. Boksi halijaongeza kitu hapo.

Teknolojia yenyewe ya kuwasha mafuta kwa plasma ipo, na sisi tunaifuatilia kwa hamu. Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ukizidisha hewa unaokoa mafuta, lakini moto unakwenda polepole, pengine unazimika kabla haujaenea silinda nzima. Injini inamisi, petroli mbichi inatokea ekzosi. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, wametumia mipigo ya umeme wa volti kubwa inayodumu sehemu za bilioni za sekunde tu. Mpigo unakatika kabla cheche haijakusanyika kuwa uzi mmoja. Nguvu yake inaishia kuvunja molekuli za oksijeni, vipande vyake vinavamia mafuta, na moto unaanzia eneo pana. Hewa ikizidi, bado unashika.

Mfumo huo una mitambo yake ya kuzalisha mipigo, na injini hupangwa upya kuufuata. Koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) ya Toyota IST haiwezi kazi hiyo. Tena kompyuta ya gari inasoma sensa ya oksijeni ya ekzosi karibu muda wote, na ikiona hewa imezidi inaongeza petroli. Kwa hiyo kubadili plagi peke yake hakuwezi kuifanya gari itumie mchanganyiko wenye mafuta kidogo.

Gari ikimisi, tunaanza na plagi zilizomo. Tunapima mwanya kati ya ncha zake kwa geji. Magari mengi madogo yanataka kati ya milimita 0.7 na 1.1. Ncha zikilika mwanya unapanuka, koili inalemewa, na utaisikia gari ikikohoa ukipanda mlima na mzigo. Kisha tunakagua mipira ya kupitisha hewa ya injini, hasa kwenye maungio, maana ufa mdogo tu unaingiza hewa ambayo sensa ya hewa inayoingia injini haikuipima. Dalili yake ni sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kupanda na kushuka gari ikiwa imesimama.

Lete gari asubuhi injini ikiwa bado ya baridi. Plagi tutakazotoa tutakukabidhi uzikague mwenyewe.